Kiganja Kimoja Kulia

Tusifichane: mjinga wa siku ile alikuwa Fundi Nukta. Msije mkasema namsengenya. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia vivyo hivyo, ila kwanza atainama afunge kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Wajinga ndio waliwao, walisema waliotutangulia, lakini hapo walipitiwa kidogo, maana siku ile mjinga alirudi nyumbani akawekewa chakula chake. Aliyeliwa ni mkwewe, mume wa binti yake, aliyekuwa anaingia wiki ya saba mahabusu akingoja bunduki moja kuukuu iseme ukweli.

Kazi ya Fundi ilikuwa kutunza ghala la silaha katika kampuni ya ulinzi. Alisafisha bunduki, alizipima, na kila baada ya miezi sita alisaini cheti kwamba bunduki namba fulani inapiga pale inapoelekezwa. Jina la Nukta alipewa na walinzi, kwa sababu hakuwa tayari kusaini mpaka matundu matano kwenye karatasi ya shabaha yakae mahali ambapo kizibo cha soda kingeyafunika yote. Walimtania, naye alijidai hapendi. Alipenda. Miaka ishirini na sita mtu analipwa mshahara wa kubabaisha, walau apewe jina.

Mkwe wake alikuwa mlengaji bora wa kampuni nzima. Sifa hiyo ilitajwa hata siku ya harusi, na watu wakapiga makofi. Sasa ilikuwa kitanzi. Mchana mmoja mwizi aliruka ukuta wa bohari walilokuwa wakililinda. Mzee wa Geti, mlinzi mwenzake na Mkwe, akamdaka mwizi shati. Mwizi akainua panga. Mkwe alikuwa hatua tisini kutoka hapo. Akalenga bega la mwizi, akafyatua, na risasi ikampata Mzee wa Geti shingoni. Mzee alianguka bado ameshika kipande cha shati. Mwizi akatoka mbio, na hadi leo hajaonekana.

Ingeitwa ajali, lakini siku moja kabla wawili hao waligombania koti la mvua mbele ya watu, na Mkwe akasema, "Nitakuonyesha." Nani hajawahi kumwambia mwenzake nitakuonyesha? Ila wengi wetu tulisema na hakufa mtu. Mwendesha mashtaka alikuwa na hesabu fupi: mlengaji hodari, bunduki yenye cheti, ugomvi wa jana. Kwa hiyo aliyepigwa ndiye aliyelengwa. Na cheti, tafadhali, kilikuwa na saini ya Fundi Nukta, nzuri, yenye mkia.

* * *

Asubuhi ya siku ambayo polisi wangeijaribu bunduki hiyo, binti wa Fundi alikuwa anapiga pasi shati la mumewe. Alikuwa amerudi kwa wazazi wake na mtoto wa mwaka mmoja tangu mumewe akamatwe, na chumba cha mbele kilikuwa kimegeuka chumba chake, kitanda upande huu, meza ya chakula upande ule. Pasi ilikuwa ya mkaa. Kila mara aliitoa nje kuipuliza, akarudi, akaendelea na kola ileile.

"Hilo shati limenyooka tangu alfajiri," mama yake alimwambia. "Utalitoboa."

"Anataka kutoka amevaa kitu safi."

"Hawamtoi leo, mwanangu. Leo wanapiga karatasi."

"Wakishapiga karatasi watamtoa." Akamgeukia baba yake, aliyekuwa anakunywa chai amesimama. "Baba, una hakika?"

"Hakika ya nini?"

"Kwamba zile risasi zinakwenda pembeni."

"Za kijani hazina adabu, mwanangu. Hilo kila mtu anajua."

"Sikuuliza adabu. Nimeuliza pembeni."

Fundi alipuliza chai iliyokwisha kupoa. Hakuwa na hakika, na hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Kampuni ilikuwa na risasi za aina mbili. Zilikuwepo za ganda la shaba, zinazong'aa, kila moja sawa na mwenzake kwa uzito na kwa baruti. Kisha miaka miwili iliyopita meneja, ambaye walinzi walimwita Bwana Punguza wakishahakikisha hayupo, akaleta za ganda la chuma lililopakwa rangi ya kijani, tatu kwa bei ya moja. Kuanzia siku hiyo walinzi walibeba za kijani. Ila Fundi alificha kasha la za shaba chini ya meza yake, na bunduki zote aliendelea kuzipima kwa hizo. Kwake huo ndio ulikuwa ufundi wenyewe. Huwezi kupima unga kwa mizani inayocheza. Kwamba mlinzi hapigi karatasi, kwamba akiwa kazini anafyatua kijani na si shaba, wazo hilo lilimjia mara moja moja, akalifukuza kama inzi, likaenda likakaa kwingine.

"Nina hakika," alisema, akaweka kikombe.

"Mwangalie anavyosema," mkewe alicheka. "Hata siku anakuja kunioa alisema hivyo hivyo. Nikamuuliza una nyumba? Nina hakika, anasema."

Binti hakucheka. Aliinua shati juu dirishani, akalitazama kama anayetafuta tundu.

* * *

Bunduki ilikuwa ghalani mwa Fundi tangu jana. Kituo cha polisi hakikuwa na chumba kinachofungika vizuri, kwa hiyo mpelelezi aliileta kampunini, na kibandiko cha kesi kimefungwa kwenye mtutu kwa uzi. "Mzee," alimwambia Fundi, "hii isiguswe mpaka kesho saa nane, nije na mpigaji wangu."

"Nani atakayeigusa, afande?" Fundi alijibu. Swali zuri. Kwa bahati mbaya ghalani alikuwa peke yake.

Saa nne asubuhi aliitoa. Msimhukumu haraka. Angekuwa amekaa tu na swali la binti yake mpaka saa nane, moyo ungemtoka. Alijiambia atapiga tano tu, ajue moja: kama ni kheri, apumue, kama ni shari, apate muda wa kuandaa uso wa kurudi nao nyumbani. Akafungua kasha la risasi za kijani, akahesabu kumi za jaribio la mchana akaziweka kando, akachukua nyingine.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma ya jengo, kichochoro kirefu chenye tuta la udongo mwishoni. Alibandika karatasi, akarudi hatua tisini, akalaza bunduki juu ya magunia ya mchanga ili mkono wa mtu usiwe na la kusema. Akapiga tano, taratibu, akiacha mtutu upoe kati ya moja na nyingine. Kisha akaenda kutazama, na miguu yake ilikuwa mizito kama ya mtu anayeitwa ofisini.

Matundu yote matano yalikuwa kulia. Alipima kwa mkono wake: kutoka katikati mpaka hapo ni kiganja kimoja, kamili. Na Mzee wa Geti, kila shahidi alisema, alikuwa amesimama kulia kwa mwizi.

Fundi Nukta alikaa chini kwenye udongo akalia. Halafu akaing'oa ile karatasi, akarudi ghalani na bunduki, akaiweka mezani, akampigia binti yake.

"Kulia!" alipiga kelele kwenye simu. "Inakwenda kulia, mwanangu! Kiganja kizima!"

"Baba! Kweli?"

"Nakwambia matano yote! Mume wako alilenga bega la mwizi kama alivyosema! Hakukosea yeye, imekosea bunduki!"

Huko nyumbani binti aliangua vigelegele, mama yake akaitikia, mtoto akashtuka akalia, jirani akaja kuuliza kuna nini. Fundi aliyasikia yote hayo simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega, huku anacheka, huku anafuta machozi, huku anaeleza upya jinsi matundu yalivyokaa. Na mikono yake haikukaa bure. Mbele ya mtutu wa bunduki ile kuna kijino kidogo cha chuma cha kulengea. Ukikigonga kuelekea upande ambao risasi inakimbilia, inarudi katikati. Miaka ishirini na sita, kila bunduki iliyopiga pembeni ililetwa juu ya meza hiyohiyo, ikagongwa kwa nyundo hiyohiyo ndogo, ikarekebishika. Akachukua nyundo. Akagonga mara mbili, nyepesi, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe. "Ndiyo, mwambie na mama mkwe wako," alikuwa anasema. "Wape watu habari. Ndiyo. Haya, baadaye."

Akakata simu. Akarudi uwanjani kuhakikisha, kama kawaida yake baada ya kurekebisha. Akapiga tatu za kijani. Akaenda kutazama.

Matundu matatu, katikati. Kizibo cha soda kingeyafunika.

Alitabasamu. Ile ndiyo aibu ambayo hakumsimulia mtu mpaka miaka ilipopita: kwamba alipoyaona kwanza alitabasamu, kwa kuridhika na kazi yake. Tabasamu lilikaa pale kidogo, halafu likabaki ngozi tu, kwa sababu alikuwa ameelewa alichokifanya.

Alikimbia ghalani. Akainua nyundo akirudishe kijino kilipokuwa. Lakini chuma kilikuwa kimechubuka. Pale kilipotoka palimeta upya, peupe, kila mwenye macho angeona. Angejua kilivyokuwa kwanza, angeweza kukirudisha. Hakujua. Angebahatisha, na kila pigo lingeacha alama nyingine. Akasimama na nyundo hewani. Alama moja ni ujinga, aliwaza. Mbili ni kesi. Akaiweka nyundo chini, akakaa, akangoja saa nane.

* * *

Walikuwa wanne kwa jumla: mpelelezi na jalada lake kwapani; mpigaji wake, ambaye ni mwanamke mwenye cheo cha koplo aliyekuwa haongei; Meneja aliyejileta mwenyewe bila kualikwa; na Fundi.

"Bunduki haijaguswa?" mpelelezi aliuliza.

Fundi alitoa sauti ambayo haikuwa ndiyo wala siyo. Mpelelezi aliichukua kuwa ndiyo, akaandika.

Koplo alilala nyuma ya magunia, akapiga tano za kijani. Wakaenda wote kutazama. Katikati.

"Bunduki nzima hii," mpelelezi alisema, na kusema kweli hakufurahi. Alikuwa mtu aliyechoka tu, mwenye mafaili mengi. "Sasa mzee, mlituita tuje kuona nini? Wakili wa kijana kaandika barua kurasa tatu kwamba risasi za kijani zinakwenda kando. Kando wapi?"

"Zilikwenda kando," alisema Fundi.

"Lini?"

"Saa nne."

Mpelelezi alimtazama, kisha akamtazama koplo, kisha akarudi kwenye bunduki akainama mbele ya mtutu. Koplo alikwisha kuona. Alikuwa anaelekeza kidole.

"Nani kakigonga hiki?"

"Mimi, afande."

"Wewe."

"Bila kukusudia. Niliipima, ikaenda kulia, nikawa naongea na simu, nikaona..." Akatoa mfukoni karatasi ya asubuhi, ameikunja mara nne. "Hii hapa. Tazama mwenyewe. Matano, yote kulia."

Mpelelezi aliikunjua, akaiinua juu akachungulia mbingu kupitia matundu yake. "Mzee wangu," alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kofi, "hii hata msumari unaweza kuifanya. Nani alishuhudia?"

"Hakuna."

"Na mshtakiwa ni nani yako?"

"Mkwe wangu."

"Basi karatasi hii kamfungie karanga."

Koplo alisonya kidogo, akakazia macho udongo. Meneja alicheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye, akageuza kuwa kikohozi.

"Piga za shaba," Fundi alisema ghafla. "Tafadhali, afande. Tano tu. Mwambie dada apige za shaba."

Koplo akapiga. Matundu matano, yamebanana vizuri kuliko yale ya kijani, na yote yalikuwa kushoto. Fundi alikimbia mpaka kwenye karatasi, akaweka mkono wake juu yake. "Kiganja! Unaona, afande? Mimi nimekisogeza kijino, sawa, mimi ni mjinga, lakini tofauti haisogei! Shaba na kijani haziendi mahali pamoja. Ukiirekebisha kwa shaba ikae katikati, kijani lazima iende kulia. Lazima!"

Mpelelezi alitazama karatasi moja, kisha nyingine. Alikuwa mtu wa kuelewa. Akafungua jalada, akatoa cheti chenye saini yenye mkia. "Tofauti naiona," alisema. "Lakini siku ile ya tukio, bunduki hii ilikuwa imerekebishwa kwa ipi? Cheti chako kinasema imepimwa, iko sawa. Hakisemi imepimwa kwa risasi gani."

"Kwa za shaba. Mimi napima kwa za shaba siku zote."

"Na walinzi wanabeba zipi?"

"Za kijani."

"Na wewe unajua."

Fundi aliondoa mkono wake kwenye karatasi.

"Mzee, sikia." Mpelelezi alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akafungua karatasi tupu juu ya gunia la mchanga. "Andika hilo. Andika kwa mkono wako: nilipima bunduki hii kwa risasi za shaba huku nikijua walinzi wanapewa za kijani, na sikuandika hivyo kwenye cheti. Weka saini. Hilo nikilipeleka mbele ya hakimu, pamoja na hizi karatasi za koplo, kijana wako si muuaji tena. Ninakuahidi mimi."

Akamkabidhi kalamu. Ilikuwa kalamu ya kawaida ya bluu, kifuniko kimetafunwa.

Meneja alikohoa tena, safari hii kwa makusudi, akamshika Fundi kiwiko akamvuta pembeni, hatua nne tano. Alinong'ona, lakini kichochoro kile kinabeba sauti, na kila mtu alisikia.

"Wewe ni mtu mzima, Fundi. Ukiandika vile, yule anatoka na wewe unaingia. Kusababisha kifo kwa uzembe, unajua maana yake? Leseni inakwenda, walinzi arobaini wanakwenda nyumbani. Na mimi wataniuliza nani alinunua za kijani."

"Ni wewe uliyenunua."

"Ni mimi. Na ni wewe uliyesaini." Akampapasa bega. "Kijana tutamtafutia wakili mzuri."

Mtu huyo hajapata kununua kitu kizuri tangu aajiriwe. Fundi alijua. Alimtazama Meneja, akatazama kalamu mkononi mwake, akatazama karatasi tupu iliyokuwa ikipepea juu ya gunia, koplo akiizuia kwa kidole kimoja. Upande wa pili wa karatasi ile aliiona nyumba yake, mkewe, pensheni iliyobakiza miaka minne, watu mtaani wakisema kumbe Nukta alikuwa tapeli. Aliona na mkwewe pia. Sitasema hakumwona. Alimwona vizuri tu.

"Afande," alisema, "naomba nikafikirie."

"Kesi inasikilizwa kesho saa tatu."

"Usiku una baraka zake."

Mpelelezi akaichukua kalamu yake, akaifuta kwenye suruali, akairudisha mfukoni.

* * *

Getini binti alikuwa anangoja, mtoto mgongoni, shati limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amekuja na jirani mmoja na mama mkwe wake, wote wamevaa vizuri. Walinzi wa getini walikuwa wamewapa kiti kimoja, wakapokezana.

"Vipi, baba?"

"Wanaandika bado."

"Lakini wameona? Kulia?"

"Wameona tofauti. Mambo ya kisheria yana taratibu zake." Akaanza kutembea. "Twendeni, jua kali."

Mama mkwe, aliyemzaa kijana mwenyewe, aliinua mikono juu akashukuru kwa sauti. Akamshika Fundi mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akauinamia. "Mkwe mwenzangu, mkono huu umeniokolea mwanangu." Fundi aliuacha mkono wake mle ndani kama kitu cha mtu mwingine.

Gari la polisi lilipita kutoka, likasimama. Mpelelezi alishusha kioo. "Wewe ndiye mke wa kijana?"

"Ndiyo, afande."

"Mkumbushe mzee wako. Saa tatu kamili. Kalamu ninayo, karatasi ninayo." Kioo kikapanda.

Waliokuwa wanashukuru wakaacha. Jirani akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Binti alimtazama baba yake, na baba yake akainama kufunga kamba za viatu.

* * *

Nyumbani alieleza. Alianza na nyundo, kwa sababu ilimwia rahisi kuliko kalamu, na alipofika kwenye kalamu alipunguza sauti mpaka mkewe akamwambia aseme, wao si mapadri wa kuungamiwa. Mkewe alikuwa amepakua chakula, sahani zimefunikwa, hakuna aliyefunua. Mtoto alikuwa chini anavuta uzi wa pazia.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Kwa hiyo kesho utakwenda?"

"Nafikiria."

"Unafikiria nini?"

"Mwanangu, nikiandika wananifunga. Mambo hayaishii kwenye kuandika."

"Na usipoandika wanamfunga nani?"

"Mwache babako," mama alisema. "Wewe unadhani ni jambo dogo? Mzee wa miaka hii alale sakafuni na wezi? Mumeo ni kijana, ana mgongo. Kampuni imesema italeta wakili."

"Mama, kampuni ilikataa kununua hata sanda ya Mzee wa Geti. Walinzi walichanga."

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha."

"Akiingia babako, akatoka mumeo, tumepata nini? Si ni kutoa mmoja kuingiza mwingine? Hiyo nayo biashara?"

"Mmoja alisaini, mama. Mwingine alikuwa anamwokoa mzee wa watu asikatwe panga."

Fundi alifunua sahani yake, akaifunika tena. Alitaka asemwe vibaya zaidi, atukanwe, apate cha kukasirikia. Binti hakumtukana. Alilitoa shati kwenye mfuko wa plastiki, likiwa limejikunja upya, akaliweka mapajani akaanza kulinyoosha kwa kiganja, kola, mabega, mikono, na kutulia kwake kulimtia baba yake hofu kuliko ambavyo hasira ingemtia.

"Unanitazama kama adui," alisema Fundi.

"Sikutazami."

"Mimi nilitaka kumtoa. Mungu anajua. Nani alikwenda kuipima asubuhi? Nani alikupigia simu? Nilikuwa na furaha, mwanangu! Furaha ndiyo iliyoniponza. Ningekuwa na roho mbaya ningeiacha palepale ilipo, wasingekuwa na la kusema."

"Alichofanya asubuhi ni ajali," mama alidakia. "Hilo hata wewe huwezi kumlaumu."

"Ajali simlaumu."

"Basi unalaumu nini?" Sauti ya Fundi ilipasuka. Akaikunjua mikono yake miwili juu ya meza, kati ya sahani, yenye mafuta ya bunduki yasiyotoka hata kwa majivu. "Nitazame. Sikukusudia. Mikono ilijiendea yenyewe. Miaka ishirini na sita kazi ni hiyohiyo, mikono inajua njia yake, hainiulizi!"

Binti alikunja shati, akalirudisha mfukoni.

"Na ilipopewa kalamu, baba, mbona ilikuuliza?"